Maswali ya Wasomaji: Kaisari, Askofu na Sheria ya Imani

Swali: Ndugu Mhariri, tulifundishwa kuwa Konstantino aliufanya Ukristo dini ya dola mwaka 313. Mwenzangu anashikilia kuwa ni 380. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako yuko karibu zaidi. Aliyesitisha mateso ya Wakristo yaliyoanza 303 hakuwa hata Konstantino, bali kaisari Galerius. Tarehe 30 Aprili 311, akiwa mgonjwa wa kufa, aliwaruhusu Wakristo wakusanyike tena, mradi wamwombee yeye na dola. Mapatano ya Konstantino na kaisari mwenzake Licinius huko Milano, mapema 313, yalikwenda mbele zaidi: kila mtu afuate dini aipendayo, na mali za makanisa zilizotwaliwa zirudishwe bila malipo, aliyezinunua aombe fidia serikalini. Dini ya dola haimo. Hata hiyo inayoitwa “Amri ya Milano” tunaijua kwa barua ambazo Licinius alizituma mashariki, mojawapo ikibandikwa Nikomedia tarehe 13 Juni.

Sheria ya 28 Februari 380 aliitoa kaisari Theodosius akiwa Thesalonike, akiwaandikia watu wa Konstantinopoli. Inasema imani ya kweli ni ile inayofuatwa na maaskofu Damasus wa Roma na Petro wa Aleksandria. Isome vizuri utaona inawalenga Wakristo wa msimamo mwingine, si wapagani. Makali yake yalionekana Novemba mwaka huohuo, Demophilus, askofu wa Konstantinopoli, alipotakiwa aikubali imani iliyotungwa na maaskofu huko Nisea mwaka 325 au aachie makanisa. Akaachia, akawa anasali na watu wake nje ya kuta za mji.

Wapagani walibanwa hasa na sheria ya 8 Novemba 392. Hata ubani nyumbani ulipigwa marufuku, na nyumba iliyofukizwa ikawa mali ya hazina. Anayetambika katika hekalu la umma, faini ni ratili 25 za dhahabu. Hakimu anayelifumbia macho jambo hilo, 30. Faini ya hakimu kuizidi ya mkosaji inakuonyesha mtunga sheria alikuwa na wasiwasi na nani.

Swali: Uamuzi wa maaskofu uligeukaje kuwa sheria? Na kama kaisari alikuwa na jeshi, mbona ubishi wa Nisea (325) juu ya umungu wa Kristo haukupata mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa kuumaliza hadi ule wa Konstantinopoli, 381?

Jibu: Tuanze na utaratibu. Kaisari aliita mtaguso kwa barua, akawaruhusu maaskofu kutumia magari na wanyama wa posta ya serikali. Huo haukuwa usafiri wa kila mtu. Bila hati ya kaisari hupewi mnyama kituoni. Chakula nacho kililipiwa na dola. Eusebius wa Kaisaria, aliyekuwapo Nisea, anasema maaskofu walizidi 250. Ile 318 ya mapokeo ni sawasawa na idadi ya watumishi wa Abramu katika Mwanzo 14:14, kwa hiyo usiichukue kama orodha ya mahudhurio.

Maaskofu walijadiliana, wakatunga Kanuni ya Imani inayokiri kuwa Mwana ana umungu mmoja na Baba, wakatia sahihi. Uwezo wao uliishia katika kumtenga mtu na ushirika wa kanisa. Kumwondoa mjini kwake ilikuwa kazi ya dola, na hapo ndipo Konstantino alipoingia: Ario, kasisi aliyefundisha kuwa Mwana aliumbwa, na maaskofu wawili wa Libya waliokataa, Secundus na Theonas, wakapelekwa uhamishoni.

Kasoro iko hapohapo. Uhamisho ni amri ya mtu mmoja, na mtu hubadili nia, au hufa. Eusebius wa Nikomedia, mtetezi wa Ario, alihamishwa miezi michache baada ya mtaguso, akarudishwa baada ya miaka michache, na ndiye aliyembatiza Konstantino mwaka 337 alipokuwa karibu kufa. Atanasi wa Aleksandria, aliyeitetea Nisea, alifukuzwa mara tano chini ya makaisari wanne, jumla yapata miaka 17. Mara ya kwanza, mwaka 335, kilichomponza hakikuwa mafundisho: alishtakiwa kuwa ametishia kuzuia nafaka ya Misri isifike Konstantinopoli. Askofu mbishi anavumilika, lakini mkate wa mji mkuu si wa kuchezewa. Akapelekwa Trier, katika Ujerumani ya leo.

Pia, kumfukuza askofu ni rahisi kuliko kumpata mwingine atakayekubalika. Februari 356 kamanda Syrianus alilizingira kwa askari kanisa lililoitwa la Theonas (si yule wa Libya), Aleksandria, usiku wa mkesha, waumini wakiwa ndani. Atanasi akaponyoka, akajificha kwa watawa jangwani. George, aliyewekwa mahali pake, alihitaji ulinzi wa dola muda wote; kaisari Constantius II, mwana wa Konstantino, alipofariki mwishoni mwa 361, haukupita muda umati ukamuua.

Constantius huyo alijaribu pia kuwachosha maaskofu. Mwaka 359 zaidi ya 400 wa magharibi walikusanywa Rimini, na liwali Taurus akaagizwa asiwaache waondoke mpaka wakubaliane. Wakatia sahihi tamko kwamba Mwana “anafanana” na Baba. Sahihi ya kushinikizwa hivyo haidumu: kaisari alipokufa, wengi waliikana. Mwanahistoria Ammianus, ambaye hakuwa Mkristo, analalamika kwamba maaskofu wa Constantius, kwa kwenda na kurudi kwenye mitaguso, waliidhoofisha posta ya serikali. Nadhani hakutia chumvi sana.

Swali: Ni kweli Ambrosi, askofu wa Milano, alimzuia Theodosius mlangoni mwa kanisa?

Jibu: Picha ya mlangoni inatoka hasa kwa Theodoret, mwanahistoria wa kanisa aliyeandika yapata miaka 60 baadaye. Kilichotokea mwaka 390 ni kwamba jemadari Butheric alimfunga mwendesha magari ya mashindano aliyependwa sana Thesalonike. Watu wakafanya ghasia, wakamuua jemadari, na askari wa kaisari wakalipiza kwa kuua raia ovyo. Theodoret anataja wafu 7,000.

Ambrosi hakusimama mlangoni. Aliondoka Milano akisingizia ugonjwa, akaandika barua ya siri ambayo bado ipo: hatathubutu kutoa sadaka ya misa kaisari akiwapo, hadi atubu. Usiri huo ndio uliofanya kazi, kwa sababu ulimpa Theodosius nafasi ya kukubali bila kushindwa hadharani. Akatubu kanisani bila mavazi ya enzi.

Lakini usimfanye Ambrosi mtetezi wa kila mnyonge. Miaka miwili kabla, Wakristo wa Callinicum, wakichochewa na askofu wao, walichoma sinagogi. Kaisari akaamuru askofu alijenge upya, na Ambrosi akamshinikiza hadi akaifuta amri hiyo.

Swali: Je, amri hizi zilifika Afrika nje ya mipaka ya Roma?

Jibu: Zilijaribu. Karibu mwaka 356 Constantius II aliwaandikia Ezana, mfalme wa Aksum (Ethiopia ya leo), na nduguye Sazana, akitaka Frumentius, askofu wao aliyewekwa na Atanasi, arudishwe Misri haraka akahojiwe na George. Atanasi mwenyewe aliinakili barua hiyo katika utetezi wake, ndiyo maana tunayo. Inawaita watawala hao ndugu, kwa sababu Aksum haikuwa jimbo la Roma na hapakuwa na Syrianus wa kumtuma huko. Sarafu za Ezana za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara. Za baadaye zina msalaba. Waethiopia wanamheshimu Frumentius kama Abba Salama, askofu wao wa kwanza. Baada yake, kwa karne nyingi, mkuu wa kanisa lao alitumwa kutoka Aleksandria, na patriarki wao wa kwanza walimpata mwaka 1959.