DNA ya kwenye barafu haitoshi kumrudisha mamothi

Ndugu uliyeuliza kwa nini wasichukue tu DNA kwenye barafu wakamfufua mamothi, yule mnyama wa kale wa jamii ya tembo aliyeshatoweka, shida iko hapohapo kwenye DNA, maana mnyama akishakufa inakatikakatika vipande vidogovidogo hata kama mwili umeganda vizuri. Kuna mtoto wa mamothi anaitwa Lyuba, walimpata Siberia 2007, alikufa kama miaka 42,000 iliyopita akiwa na mwezi mmoja hivi, ngozi ipo, kope zipo, mpaka maziwa ya mama yake yalikutwa tumboni, mi nikimwangalia kwenye picha naona kama kalala tu, lakini hata kwake huwezi kupata seli moja iliyo hai yenye DNA nzima.

Ndo maana wale Colossal, kampuni ya Marekani inayotaka kumrudisha mamothi, wanatumia seli za tembo wa Asia, ndugu wa karibu wa mamothi, wanabadilisha jeni za manyoya, mafuta na kuhimili baridi. Kwa hiyo hata wakifanikiwa huyo atakuwa tembo mwenye manyoya, sio mamothi wale waliokuwa kisiwa cha Wrangel huko Urusi, ambao waliisha juzijuzi tu, kama miaka 4,000 hivi, piramidi za Giza zishajengwa tayari.

Kinachoniuma zaidi ni hao tembo wa Asia, wenyewe wako hatarini kutoweka, na mimba yao ni karibu miezi 22 jamani, sasa wakipandikizwa mimba za majaribio na zikaharibika? Mi sikubali kabisa.