Kabla ya kumpa mama kijiko cha mafuta ya nazi, soma pakiti ya vidonge vyake vya kisukari

Mkuu, usianze kesho. Umeuliza umpe bi mkubwa, mama yako, mwenye Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu) vijiko vingapi vya mafuta ya nazi kwa siku, yawe ya kukamuliwa baridi au ya kuchemsha, na kama uongeze vidonge vya mafuta ya samaki. Halafu mwishoni kabisa, kwa kupitia tu, ukaandika kwamba "ana sukari pia ila anameza dawa" na kwamba ugali na wali umeshamwondolea. Unaandika vijiko kwa herufi kubwa, hatari yenyewe unaitupia pembeni!

Bi mkubwa wangu ana yote mawili. Mshauri wa lishe mmoja wa kwenye magrupu ya WhatsApp alinijaza maneno: Alzheimer ni kisukari cha ubongo, ubongo umeshindwa kutumia sukari, kata wanga wote, mlishe mafuta ya nazi yatengeneze ketoni, chakula mbadala cha ubongo. Alikuwa na michoro, koti jeupe, na makopo ya kuuza. Nikanunua makopo. Mtu wa Pangani kununua nazi kwenye kopo! Mjomba mwenye minazi alicheka mpaka akapaliwa.

Kilichoniponza ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati, na chakula chake kikuu ni glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Kwa mwenye Alzheimer, picha za PET (kipimo kinachoonyesha ubongo unavyotumia sukari) zinaonyesha baadhi ya sehemu za ubongo zinavuta glukosi kidogo kuliko kawaida. Ketoni, ambazo ini huzitengeneza kutokana na mafuta, ubongo huo bado unazipokea vizuri. Mtafiti Stephen Cunnane na wenzake pale Chuo Kikuu cha Sherbrooke, Kanada, wamelichimba hilo kwa miaka mingi. Sasa ukishasikia hivyo kutoka kwa mwenye koti jeupe, utabishana naye kwa elimu gani?

Alichonificha ni hiki: ubongo kuvuta glukosi kidogo haina maana kwamba hauihitaji. Bado unaitegemea hiyo hiyo kidogo. Na mama yangu alikuwa anameza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, kila asubuhi. Kidonge hicho hulikamua kongosho litoe insulini inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Mimi nimetoa ugali, nimetoa wali, nimetoa ndizi, chai nimeifanya ya mkandaa, na kidonge naendelea kumpa kwa uaminifu wote, maana dawa ni dawa.

Akaanza kutoka jasho usiku. Akawa anatetemeka, anaropoka, ananiita kwa jina la marehemu baba. Dada akasema ugonjwa umepanda. Nikampigia yule bwana. Akajibu bila kusita: mwili unazoea, ongeza kijiko. Hakuuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Siku zote alizokuwa anakula hela yangu hakuwahi kuuliza! Mwenye duka la dawa baridi mtaani kwetu angalau huuliza kama una vidonda vya tumbo.

Alfajiri moja tukamwamsha hakuamka. Hospitali nesi alimtoboa kidole, sukari 1.9 (mmol/L). Dripu ya glukosi ikamfungua macho, lakini hawakuturuhusu kuondoka, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini na kwa wazee, hasa figo zikiwa zimechoka, sukari hushuka tena baada ya mtu kuonekana amepona. Daktari alipouliza nani kamwondolea chakula, nilitazama viatu vyangu. Dawa ikabadilishwa. Kumbukumbu ya mama haikurudi pale ilipokuwa kabla ya ujanja wangu. Kabla ya hapo alikuwa anawajua wajukuu wote kwa majina.

Na hayo makopo yenyewe, hata kama asingekuwa na sukari? Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, aina mojawapo ya mafuta, na sehemu kubwa yake mwili huisafirisha taratibu kama mafuta mengine ya kawaida. Zinazogeuzwa ketoni haraka ni asidi nyingine mbili, kapriliki na kapriki, ambazo humo ni kama asilimia 15 tu. Utafiti wa Sherbrooke ulitumia kinywaji chenye gramu 30 kwa siku za hizo mbili zilizotengwa, kwa miezi 6, kwa watu wenye usahaulifu wa mwanzo ambao hawajafika Alzheimer. Baadhi ya vipimo vya kumbukumbu vilipanda. Hiyo si nazi ya kopo, na hao si mama yako.

Utaletewa na kisa cha Mary Newport, daktari wa watoto wachanga kule Florida, aliyempa mumewe Steve, mwenye Alzheimer, mafuta ya nazi mwaka 2008 akaona nafuu. Simlaumu, ningekuwa mimi ningeandika kitabu pia. Ila wanaosambaza kisa hicho hawamalizii: Steve aliendelea kuumwa na alifariki 2016. Kijiko kimoja cha mezani kina kama kalori 120, karibu yote mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya. Bi mkubwa mwenye sukari tayari moyo wake uko mashakani.

Sikatazi chakula cha wanga kidogo. Nakataza kugusa sahani ya mtu anayemeza dawa ya kushusha sukari kabla aliyemwandikia dawa hajajua na kurekebisha dozi. Kamwone kwanza, na ukitoka hapo nunua kile kipimo cha kidole, umpime asubuhi na usiku. Akitoka jasho au akiropoka ghafla, pima palepale kabla hujasema ni Alzheimer. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri, mpe juisi au maji ya sukari, kisha chakula. Kama hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Leo mrudishie ugali wake. Kisha piga picha pakiti ya vidonge uweke hapa. Ukiona glibenklamaidi, glimepiraidi au gliklazaidi, au kama anachoma insulini, usisubiri jibu langu, nenda nayo kliniki.