Deni nimemaliza, mbona dalali wa mahakama anataka kirikuu yangu?

SWALI: Wakili shikamoo. Nina duka la pembejeo hapa Masasi. Nilichukua salfa, ile dawa ya mikorosho, kwa jumla kwa tajiri mmoja wa Mtwara mjini, biashara ikayumba, akanishtaki Mahakama ya Wilaya nikaamriwa nimlipe 34,500,000. Nikamlipa mwenyewe, 12,000,000 na 15,000,000 kwa benki, ile 7,500,000 ya mwisho nikampelekea keshi dukani kwake wakulima walivyopata hela za mnada, nilikuwa na mpwa wangu. Juzi kaja dalali wa mahakama na hati, kanipa siku 14, anataka kirikuu, kile kigari changu cha mizigo, na mzigo wa dukani. Nimfungulie tajiri kesi mpya?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Hilo la kesi mpya liache kabisa. Ubishi wa kama hukumu imelipwa au haijalipwa unaamuliwa na mahakama ile ile inayokaza hukumu, yani inayosimamia utekelezaji wake, humo humo kwenye shauri lenu, ukifungua kesi nyingine itatupwa na wakati huo dalali anaendelea na kazi yake.

Shida yako ni kwamba umelipa nje ya mahakama. Sio kosa, sheria inaruhusu, ila hakimu anasoma jalada na jalada lako mpaka leo linasema hujatoa hata mia. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 21 kanuni ya 2, inamtaka aliyeshinda akipokea hela huko nje aitaarifu mahakama. Tajiri wako hakutaarifu, kasahau au kajisahaulisha mi sijui, na kanuni hiyo hiyo ina mkia mchungu: malipo ambayo hayajarekodiwa mahakamani, mahakama inayokaza hukumu haiyatambui. Yani unaweza kuwa na slipu mfuko mzima na kirikuu ikaondoka unaiangalia.

Ila na wewe mdaiwa umepewa mlango hapo hapo. Unapeleka maombi, na hati ya kiapo umeeleza ulilipa lini, shilingi ngapi, kwa njia gani, halafu mahakama inamwita tajiri aje aseme kwa nini malipo yasirekodiwe. Akishindwa kueleza yanarekodiwa na hukumu inahesabika imetekelezwa. Pamoja na hayo omba ukazaji usimame kwanza mpaka usikilizwe, na uambatanishe hati ya dharura, ile ya kuomba usikilizwe haraka, maana siku 14 ni chache mno. Alafu maombi haya yana ukomo wa muda, ukichelewa inabidi uanze kwanza kuomba kuongezewa muda, na huko ndo wengi wanakwama. Nenda kesho.

Kabla hujaapa chochote chukua nakala ya hukumu na tuzo, ile amri inayotaja unachotakiwa kulipa, uisome mstari kwa mstari. Watu wengi wanalipa ile namba kubwa tu, kumbe chini kuna riba na gharama za kesi. Kama zipo na hujazilipa basi deni halijaisha kweli, na usiape kwamba limeisha. Hicho kilichobaki usimpelekee mkononi tena, kilipie mahakamani.

Ushahidi sasa. Zile mbili za benki hazinisumbui, nenda tawini kwako wakupe taarifa ya akaunti yenye mhuri inayoonyesha hela imeingia kwa nani. Kinachonisumbua ni hiyo karatasi uliyonitumia picha. Imechanwa kwenye daftari, imeandikwa "Nimepokea 7,500,000 asante" na sahihi imekaa kama mnyoo, haina tarehe, haina jina lako, haina namba ya kesi. Mtu anaweza kusimama akasema hiyo ilikuwa hela ya mzigo mwingine kabisa, na wewe ulikuwa unachukua mizigo kwake kila msimu! Kwa hiyo tafuta vya kuishikilia: meseji mlizoandikiana wiki ile, taarifa ya benki inayoonyesha umetoa hela hiyo siku moja au mbili kabla, chochote. Simu usiifute kitu, meseji nazo zinapokelewa mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila lazima ueleze zimetoka simu gani na nani alikuwa nayo.

Dalali usigombane naye wala usimfungie geti, ametumwa. Na usimpe hela ya "kumpooza", haipunguzi deni hata shilingi. Mpe nakala ya maombi yako yakishapokelewa, ila jua kinachomsimamisha ni amri ya mahakama, sio nakala. Ikitokea amebeba kitu kabla ya amri, dai orodha iliyosainiwa ya kila alichochukua, mpaka idadi ya mifuko ya salfa.

Na huyo mpwa wako aandike kiapo chake mwenyewe, kwa maneno yake, aseme aliona hela inahesabiwa na nani aliihesabu.