Kabla Hujamkatia Binti Tiketi ya Antalya

Ujumbe ninaoupata sana siku hizi ni wa wazazi. Binti ana miaka 17, hapa nyumbani hana mpinzani, vikombe vimejaa juu ya kabati, sasa nimpeleke wapi aanze kucheza tenisi ya kulipwa? Zamani nilikuwa najibu bila hata kukuna kichwa: Antalya. Pale Uturuki mashindano ya W15 yanapangwa wiki baada ya wiki, ni ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya kulipwa ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, na watu wengi wanaanzia huko. Nilimjibu hivyo hata dada yangu, kisha nikajiteua mwenyewe kuwa kocha wa safari.

Wiki ya kwanza mpwa wangu alitolewa kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania kuingia droo kubwa. Hatukupata hata senti. Wiki ya pili alivuka mchujo, akapoteza mechi ya kwanza ya droo kubwa, tukapewa kama dola 150, kodi bado haijakatwa. Jioni ile nilikaa kitandani na kikokotoo cha simu: chumba cha watu wawili, chakula, nyuzi za raketi mbili zilizokatika. Zile fedha hazikufikisha hata siku mbili. Mwenyewe alikuwa bafuni anafua sketi kwenye sinki, maana bei ya dobi wa hoteli unanunua sketi mpya Kariakoo na nauli ya daladala inabaki. Wiki ya tatu sitaki hata kuisimulia.

Ninachojutia zaidi si fedha. Jumatatu asubuhi ya ile wiki ya pili, tukiwa tunakunywa chai, binti mmoja kutoka India alisogea mezani kwetu akamuuliza mpwa wangu kama ana mtu wa kucheza naye wawili wawili. Mtoto akanitazama. Nikamjibia mimi: hapana, anatunza nguvu zake kwa ajili ya mmoja mmoja. Binti akashukuru, akaenda meza ya pili, akaenda ya tatu, kipande cha mkate kingali mkononi. Mmoja mmoja naye alitolewa mapema kama sisi. Lakini wawili wawili alifika fainali, na siku tunafunga mabegi tulimwona bado yuko uwanjani. Umri wake kama miaka 25 hivi. Yeye alikuwa kazini, sisi tulikwenda kubahatisha.

Niliporudi ndipo nikaanza kumfuatilia kwa makini Mhindi mwingine, mchezaji wa tenisi Ankita Raina, jina nililokuwa nikilisikia tangu nasoma Pune, kule India, bila kulitilia maanani. Amezaliwa Ahmedabad mwaka 1993, akahamia Pune akiwa binti mdogo kufuata mazoezi. Wahindi wengi walimpima kwa nyota wao wa tenisi Sania Mirza, aliyewahi kushika nafasi ya 27 duniani mwaka 2007, wakamwona hajafika popote. Nafasi ya juu kabisa ya Ankita mmoja mmoja ni 160, na aliipata Machi 2020, akiwa na miaka 27. Ukimwambia mzazi wa Kitanzania kwamba mwanawe atacheza miaka kumi na ushee kisha awe wa 160, atakuuliza kama unamtania.

Sasa tupige hesabu. ITF wenyewe walichunguza gharama za mwaka 2013, wakakuta mchezaji wa kike anatumia wastani wa zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka, na hapo kocha hajalipwa. Aliyeweza kurudisha gharama zake bila faida ni yule wa nafasi ya 253 hivi. Wa 160 basi si mtu wa kuchekwa. Kuna jambo jingine: ukishaingia kwenye mia mbili na kidogo, unaanza kuingia kwenye mchujo wa mashindano makubwa manne. US Open ya 2023, aliyepoteza mechi ya kwanza ya mchujo aliondoka na dola 22,000. W15 nzima, kuanzia bingwa hadi wa mwisho, mmoja mmoja na wawili wawili, inagawana dola 15,000. Huo ndio mlango ambao wote wanaupigania, na foleni yake ni ndefu mno.

Kwa hiyo swali la kwanza nyumbani lisiwe kama mtoto ana kipaji. Ni nani atalipia wiki ya thelathini, wakati shangwe za wajomba zimeshapoa? Ankita aliajiriwa na ONGC, kampuni ya mafuta ya serikali ya India. Mashirika ya umma kule huajiri wanamichezo, sawasawa na majeshi yetu yanavyowabeba wakimbiaji na mabondia. Na wadhamini wanatoka hata usikodhania: mashindano ya wanawake ya klabu ya Deccan Gymkhana pale Pune yamedhaminiwa miaka mingi na NECC, yaani umoja wa wafugaji wa kuku wa mayai. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani ni utani. Leo namwambia kila mzazi anayekwenda kupiga hodi benki na kampuni za simu peke yake: kaongee na wenye mabanda ya kuku pia.

Mayai yale yana maana kuliko yanavyoonekana. Kwa wadhamini wa namna hiyo, binti wa Kihindi anaweza kucheza wiki kadhaa nyumbani kwao, Pune, Bengaluru, Solapur, akapanda treni na kula chakula alichozoea, bila kuomba viza. Sisi orodha ya kujiandikisha inafungwa zaidi ya wiki mbili kabla, pasipoti iko ubalozini, na tiketi inapanda bei kila siku. Ndiyo maana Nairobi wakiandaa, nenda Nairobi, hata kama uwanja hauna picha nzuri za kuposti.

Wawili wawili ndiko nilikokosea, na ndiko kisa cha Ankita kinaponiuma. Januari 2021 alipoteza raundi ya mwisho ya mchujo wa Australian Open, uliochezewa Dubai. Angeweza kurudi nyumbani. Akaenda Melbourne kama mchezaji wa akiba, akakaa karantini ya korona siku 14, nafasi ya mmoja mmoja isifunguke. Lakini kwa kuwa alikuwepo, alicheza wawili wawili na Mihaela Buzărnescu wa Romania. Kisha kwenye Phillip Island Trophy, papo hapo Melbourne, akaungana na Kamilla Rakhimova wa Urusi, wakachukua kombe, la kwanza kwake katika ngazi ya WTA, ile ya juu ya tenisi ya wanawake. Likamwingiza mia bora ya wawili wawili, na mwaka uleule akacheza Olimpiki ya Tokyo pamoja na Sania yuleyule waliyekuwa wakimpimia.

Njia nyingine ipo na siidharau: chuo cha Marekani. Rutuja Bhosale wa Pune alipitia Texas A&M kabla ya kurudi kwenye mashindano, na Angella Okutoyi wa Kenya, baada ya kushinda Wimbledon ya vijana wawili wawili mwaka 2022, akaenda Auburn. Shule inalipiwa, mazoezi yapo, na anakutana na wa kucheza nao wawili wawili kila siku.

Mpwa wangu sasa anatuma maombi ya vyuo. Dada bado hajanisamehe yote, ila juzi aliniuliza tena kuhusu Antalya, likizo ijayo. Nikamwambia sawa, lakini ziwe wiki sita, achangie chumba na mchezaji mwingine, mimi nibaki Dar. Na begini aweke sabuni ya kufulia.