Ikweta iko kati, katikati, au inakatiza?

Swali: Mwanafunzi wangu wa Gredi ya 6 hapa Kisumu ameandika, "Mstari wa ikweta inapita kati ya mabara yote." Nimebadilisha "inapita" kuwa "unapita". Je, sentensi sasa iko sawa? Na lipi bora, ikweta au istiwai?

Jibu: Upatanisho umeurekebisha vizuri, mwalimu. Anayetawala hapo ni mstari, si ikweta. Mtoto alifuata nomino iliyo jirani na kitenzi, kosa la kila siku. Angeandika ikweta peke yake, "inapita" ingefaa.

Tatizo limebaki kwenye "kati ya". Ahero iko kati ya Kisumu na Awasi, maana yake haimo Kisumu wala Awasi. Kwa hiyo sentensi inaifanya ikweta mpaka, mabara yamekaa huku na huku, halijaguswa hata moja. Ulaya na Amerika Kaskazini kweli ziko kaskazini kabisa, Australia na Antaktika kusini kabisa. Lakini Afrika na Amerika Kusini zimekatwa, na kitenzi chake ni kukatiza.

Je, "katikati"? Kwa Afrika, sawa: ncha yake ya kaskazini iko takriban nyuzi 37 kutoka ikweta, ya kusini takriban 35. Kwa Amerika Kusini neno hilo linapotosha, kwa sababu mstari unapita Ekuador, Kolombia na kaskazini mwa Brazil, na sehemu kubwa ya bara inabaki kusini. Asia ndiyo huwanasa wengi. Nchi kavu ya bara lenyewe inaishia Malaysia, zaidi ya nyuzi 1 kaskazini. Vinavyokatwa ni visiwa vya Indonesia kama Sumatra, Borneo na Sulawesi.

Basi "yote" ifutwe, na sentensi iwe: "Mstari wa ikweta unakatiza Afrika na Amerika Kusini, na kupitia visiwa vya Asia."

Asiandike "unapita bara" bila kutaja bara gani. Mmombasa ataelewa huku kwetu, kinyume cha pwani. (Naye hatakosea: nchini Kenya ikweta inapita bara tu, pwani yetu yote iko kusini mwake.)

Istiwai ni Kiswahili safi, kutoka Kiarabu. Ikweta imepitia Kiingereza kutoka Kilatini. Asili zote mbili zinabeba wazo la usawa. Darasani tumia ikweta, ndiyo iliyo vitabuni, lakini usimkate alama aliyeandika istiwai.

Jambo la mwisho, maana litakuja kwenye insha: Maseno iko kwenye ikweta, au ikwetani. Kisumu iko karibu na ikweta, dakika 6 za latitudo kusini, yaani kama kilomita 11.