Usimimine kabla ya kupima: jibu kwa anayefungua kituo cha maziwa Urambo

Umeuliza ununue laktomita (kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa) ya aina gani, kama jokofu la nyumbani litatosha, na umlipe mfugaji kiasi gani kwa lita. Kisha ukasema kwamba maziwa yote utayamimina kwenye keni moja na kuyapima kwa pamoja ili kuokoa muda. Mdogo wangu, usifanye hivyo. Mimi nilifanya hivyo hapa Tabora, na nililipa kwa ada ya shule ya mwanangu.

Aliyeniuzia laktomita aliniambia kwamba ikisoma 28, yaani kilo 1.028 kwa lita, kazi imekwisha. Hadi leo sijamsamehe, kwa sababu muuza vipimo anapaswa kujua kwamba chombo hicho hupima uzito wa maziwa tu, ambao kwa nyuzi joto 20 huwa kati ya kilo 1.026 na 1.032 kwa lita. Hakijui kama maziwa yameanza kuchacha, wala kama ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, wala kama yamechanganyika na dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Hata maji, ambayo ndiyo sifa yake kuu kuyakamata, hukipita: mtu akiengua malai, yaani mafuta ya juu ya maziwa, uzito hupanda, akiongeza maji hushuka, nacho husimama palepale panapotakiwa.

Asubuhi moja ya Oktoba, na joto la Tabora la mwezi huo mnalijua, nilipokea lita 180 kutoka kwa wafugaji 11. Mmoja alileta lita 20 katika dumu la njano la mafuta ya kula, lile ambalo shingo yake ni nyembamba hata mkono hauingii kusugua ndani. Laktomita ilisoma 29, nami nikamimina. Mnunuzi wangu mjini alichanganya mililita 2 za maziwa na mililita 2 za spiriti (alkoholi) kwenye neli ya kioo, akaiinamisha taratibu, na tukaona sote chembe nyeupe zikibaki zimenata kwenye kioo kama chenga za mchele, dalili kwamba maziwa yana kasoro. Akayakataa yote. Dumu lile lilikuwa limeondoka na lita nyingine 160 zisizo na kosa, na wafugaji kumi waliozileta walikuwa na haki ya kulipwa, nami nikawalipa. Msiniambie kwamba ningegandisha mtindi, kwa maana maziwa yakishachanganyika huwezi tena kujua kama tatizo ni uchachu au ni kiwele kilichooza, na siwezi kumuuzia mama wa Ng'ambo, mtaa wa hapa Tabora, kitu nisichokijua.

Kwa hiyo pima kila dumu peke yake, kwa spiriti, mlangoni, mwenye dumu akiwa amesimama hapo, hata kama ni shemeji yako. Hesabu dakika moja kwa kila mfugaji. Anayetaka kucheka kwamba nimegeuza kituo kuwa maabara na acheke, mradi asogeze dumu lake karibu. Chembe zikionekana, maziwa hayaingii kwenye keni, na jina la mwenye dumu na saa aliyofika viandikwe daftarini.

Spiriti isiwe kali kupita kiasi, maana itagandisha hata maziwa mazuri na utamwonea mtu. Ukipata ya asilimia 96, changanya mililita 68 za spiriti na mililita 28 za maji yaliyotoneshwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa), kisha funika chupa barabara, kwa sababu ikiachwa wazi hupungua nguvu na dumu bovu litakupita tena.