Ridge Geyserville ya 2005: ifunguliwe au iendelee kutunzwa?

Mkuu, umeuliza kuhusu chupa ya Ridge Geyserville ya 2005 (mvinyo mwekundu wa kiwanda cha Ridge, ambao zabibu yake kuu ni Zinfandel) uliyoletewa kutoka California. Ilikaa kwa ndugu yako huko miaka yote, sasa iko Dar kwenye friji ya jikoni, na hujui uifungue au uiache iendelee kuzeeka. Ifungue, ila si wiki hii. Safari ya ndege imevuruga mashapo yote, na mvinyo wa umri huo ukinywewa na mashapo yake huwa mchungu na wenye vumbi ulimini. Isimamishe wima ndani ya friji wiki mbili au tatu bila kuigusa.

Zinfandel nyingi hazifai kufikishwa umri huo, na sababu iko kwenye kichala chenyewe. Zabibu hii haiivi kwa pamoja. Kichala kimoja kina punje zilizoiva sawasawa, nyingine bado za kijani, na nyingine zimeshasinyaa kuwa zabibu kavu. Mkulima akisubiri zile za kijani ziive, zile zilizosinyaa zinazidi kupandisha sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Ndiyo maana utakuta Zinfandel za asilimia 15, hata 16, huku uchachu umeshuka na tanini (ule ukakasi unaotoka kwenye ganda la zabibu) ni za wastani tu. Mvinyo wa namna hiyo hupendeza ukiwa mchanga. Miaka ikipita, ladha ya matunda inaondoka, kilevi kinabaki peke yake kikiunguza koo. Zinfandel ya kawaida ya dukani mimi naishauri inywewe ndani ya miaka mitano tangu mavuno. Ile ya rangi ya waridi yenye utamu usiitunze kabisa.

Geyserville ni habari nyingine. Shamba liko Alexander Valley, kaunti ya Sonoma, na Ridge imekuwa ikitoa mvinyo wake tangu mavuno ya 1966. Sehemu yake ya zamani kabisa ina mizabibu iliyopita miaka 130. Wakulima wa karne ya 19 walipanda aina kadhaa katika shamba moja, na kila aina ina kazi yake chupani. Zinfandel inaleta harufu ya matunda meusi na viungo. Carignane inaleta uchachu, kitu ambacho Zinfandel hupungukiwa jua likiwa kali. Petite Sirah, yenye punje ndogo na ganda nene, inaleta tanini na rangi. Alicante Bouschet ni nyekundu hadi nyama ya ndani, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kuongeza rangi. Hizo nyingine ndizo zinazoibeba Zinfandel hadi uzeeni. Anayetafuta Zinfandel ya kutunza aanze kwa kuuliza imechanganywa na nini, kabla hata ya kuuliza mwaka.

Ndiyo sababu pia neno Zinfandel halikai kwa herufi kubwa mbele ya chupa yako. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 75 ya zabibu moja ndipo jina lake liwe jina la mvinyo, na Geyserville mara nyingi iko chini ya hapo. Ridge wanaandika kiasi cha kila zabibu kwenye lebo ya mbele, na nyuma wanaweka maelezo ya mavuno. Yasome kabla ya kufungua.

Kuhusu kiwanda chenyewe: makao yake yako kwenye mlima wa Monte Bello, juu ya mji wa Cupertino, mahali ambapo daktari Osea Perrone alianza kupanda mizabibu miaka ya 1880. Mwaka 1959 watafiti wa Stanford Research Institute walinunua shamba hapo, wakaanza kutengeneza mvinyo wa kuuza 1962. Paul Draper, aliyesomea falsafa, alijiunga nao 1969 na akauongoza utengenezaji hadi alipostaafu 2016. Mwenye mali tangu 1986 ni Mjapani, familia ya Otsuka ya kampuni ya dawa. Njia yao ndiyo inayonivutia: hamira inayokuja na zabibu zenyewe kutoka shambani, mapipa ya mwaloni wa Marekani yaliyokaushwa hewani, na kuingilia kati pale tu panapobidi. Tangu mavuno ya 2011 wanaorodhesha viambato kwenye lebo, jambo ambalo wengi katika biashara hii bado hawalifanyi.

Na kwa wanaosema kwamba Zinfandel ni zabibu asilia ya Marekani: hapana. Vipimo vya DNA vya Carole Meredith wa chuo kikuu cha California, Davis, akishirikiana na Wakroatia, vilithibitisha 2001 kwamba ni ileile Crljenak Kaštelanski ya pwani ya Kroatia. Primitivo ya kusini mwa Italia nayo ni hiyohiyo.

Sasa chupa yako. Kwanza tazama kiwango cha mvinyo ikiwa imesimama. Ukiwa umefika chini ya shingo, au pale bega linapoanza, ni kawaida kwa miaka ishirini. Ukiwa katikati ya bega, hewa imeingia mno. Tazama na kizibo: kama kimesukumwa juu au kuna michirizi iliyokauka chini ya karatasi ya shingoni, chupa iliwahi kupata joto kali. Joto ndilo adui mkubwa kuliko umri. Nyuzi 12 hadi 14 ndiyo hali nzuri ya kutunzia. Kabati la jikoni Dar, penye nyuzi 30, linaweza kuiharibu kwa msimu mmoja. Friji ya kawaida haina neno kwa wiki chache, lakini kwa miaka ni kavu mno kwa kizibo.

Siku ya kufungua, itoe dakika 40 hadi saa moja kabla, bila kuilaza. Unatafuta nyuzi 16 hadi 18. Kizibo cha umri huo ni laini. Kizibuo cha kawaida cha skrubu hukitoboa katikati na kukivunja, kwa hiyo tumia kile cha miguu miwili bapa: ingiza mguu mrefu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha mfupi, yumbishe taratibu hadi chini, halafu zungusha huku ukivuta. Kipande kikibaki ndani, kisukume kiingie, umimine kupitia kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni.

Kwa kumimina kwenye jagi la kioo, weka tochi ya simu chini ya shingo ikimulika juu. Mimina kwa mkono mmoja bila kusita. Ukisimama na kuanza tena, mashapo yanarudi kuchanganyika. Mvinyo utapita mwekundu unaong'aa, kisha utaona uzi mweusi ukijivuta kuelekea shingoni. Simama hapo. Utaacha kama mililita 40 chupani, na hiyo ndiyo bei yake.

Nusa mara moja. Kadibodi iliyolowa maana yake kizibo kimeambukiza, na hakuna dawa. Siki au rangi ya kucha ikiwa kali, imekwisha. Ikinuka zizi kidogo, au ikiwa bado haitoi harufu, ngoja dakika 20. Usizidishe saa moja, maana harufu za uzeeni hazidumu hewani. Iliyotunzwa vizuri itakuwa na rangi ya tofali pembeni ya glasi, harufu ya matunda makavu, ngozi, tumbaku, na uchachu ungali hai.

Mimina kidogokidogo, na jagi liweke kwenye beseni la maji yenye vipande vichache vya barafu, maana kwa joto la Dar kilevi hupanda puani kabla hujamaliza glasi ya kwanza. Mbuzi wa kuchoma wa chumvi tu anaifaa sana. Pilipili huchochea kilevi, na ukwaju au limau huufunika uchachu wa mvinyo ukaonekana umepooza. Ikibaki, jaza kwenye chupa ndogo hadi mdomoni, funga, weka kwenye friji, na umalize kesho yake.